Libuyu, Mfupa na Nyuzi Sita

Jumatatu, 2 Septemba

Daftari hili si langu, ni la ubao. Camille ameniletea leo asubuhi akaniambia: "Séra, kila siku utapima ubao na utaandika kilo. Siku uzito itaacha kushuka, ndio ubao imekauka. Usikate mbele ya hapo." Camille ni binamu yangu, mtoto wa tantine, fundi wa mitambo katika redio moja hapa Bukavu, na anapenda sana kuamrisha watu wanaomzidi umri. Nimemwambia mimi ni seremala mwaka wa kumi na saba huu, nimetengeneza vitanda, milango na mabenchi ya kanisa, na hakuna benchi hata moja lililoniandikisha daftari. Akasema benchi haliimbi.

Basi niandike tangu mwanzo, ili nikishindwa ijulikane nilishindwa wapi.

Jana baada ya misa Larissa alinisimamisha mlangoni pa kanisa. Huyu ni mjukuu wa Papa Cyprien, na anaolewa Jumamosi tarehe 28 Desemba. "Tantine," akasema, "babu anasema hatapiga gitaa ku mariage yangu. Eti gitaa yake ilikufa na hawezi kupiga ya mutu mwingine. Na ni yeye alipigia mama yangu siku aliolewa, na batantine yangu yote. Miye nitaingia kanisani na musique ya téléphone?" Machozi yalikuwa karibu. Nikajisikia nasema, "Nitamutengenezea gitaa yake mwenyewe, yenye jina yake." Sijawahi kutengeneza gitaa maishani.

Niseme na la pili, maana daftari halina mdomo: mimi simpendi Papa Cyprien. Nilikuwa na miaka kumi na minne nilipokwenda kwenye mazoezi ya orchestre yake kule Kadutu. Alinishika mkono, akaugeuza mbele ya wanaume wote kama mtu anayechagua kitunguu sokoni, akasema: "Huu mukono ni mudogo. Rudi kwenu." Walicheka wote. Nina thelathini na tisa sasa, na kile kicheko bado nakisikia nikipita ile barabara. Yeye alikwisha kusahau. Kila Jumapili ananisalimia "Bonjour, mama fundi," na tabasamu juu.

Namtengenezea Larissa. Hilo liandikwe.

Jumatano, 11 Septemba

Ubao umefika kutoka Bunyakiri juu ya lori la ndizi. Ni libuyu, mti wa msituni, mwekundu, mzuri hata nimeukalia chini nikiutazama. Mwenye kuuza aliapa kwa Mungu kwamba una miaka miwili tangu ukatwe. Nimeubeba hadi kwa mama wa unga, jirani yangu, kuupima kwenye mizani yake. Kilo 9 na gramu 400.

Alhamisi, 12 Septemba

Mvua. Kilo 9 na gramu 400.

Ijumaa, 13 Septemba

Mvua. Kilo 9 na gramu 450. Ubao unanenepa. Yule muuzaji akutane na Mungu wake aliyemwapia.

Jumatatu, 16 Septemba

Nimeupasua vipande viwili, cha tumbo na cha shingo, nikavitundika jikoni juu ya mbabula, pale moshi na joto vinapopanda. Mama yangu alikuwa akikausha sambaza hapo, wale samaki wadogo wa ziwani. Kama dawa ya samaki ni hiyo, na libuyu avumilie.

Jumamosi, 28 Septemba

Umeshuka. Vyote viwili pamoja, kilo 8 na gramu 600. Mama wa unga amezoea, hata wateja wake wanasogea wenyewe wakiniona nakuja na mzigo wangu. Leo mmoja ameuliza kama hiyo nyama inauzwa.

Jumanne, 1 Oktoba

Papa Cyprien amekuja mwenyewe. Amevaa koti, mkono wa kushoto mfukoni, kama waziri. Nilitaka kumpima vidole na upana wa kiganja, nikamwambia atoe mkono. Hakuutoa. Kwa mkono wa kulia akaweka mezani gitaa lake la zamani, lililopasuka tumbo, akasema, "Fata hii shingo. Unene ni huu, urefu ni huu. Usiongeze, usipunguze."

Nikamwambia, "Papa, gitaa hupimwa na mukono ya mwenyewe."

"Miye nilipiga hii miaka makumi tatu. Shingo inanijua."

Kisha akanusa hewa. "Kwenu munapika sambaza?"

"Ni ubao yako hiyo, Papa."

Akaondoka bila kucheka. Mtu wa kiburi ni mtu wa kiburi, hata mkono wake anauficha usiguswe na seremala.

Jumapili, 6 Oktoba

Kilo 8 na gramu 150. Mvua ya mawe mchana. Karoti za bustani zimelala chini.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kwa kuwa libuyu bado anajikausha kwa starehe zake, nimetengeneza gitaa la kujifunzia. Tumbo nimelikata kwenye mlango wa zamani, na bado lina tundu la ufunguo. Shingo ni kipande cha grevillea kilichobaki kwenye mguu wa kitanda, kifupi, kwa hiyo Camille amepiga hesabu upya na vile vyuma vya shingoni vinavyogawanya sauti vimekaribiana. Unene wa shingo nilihitaji mkono wa kuupimia, na mkono uliokuwepo ni wangu. Nilichonga, nikashika, nikachonga, nikashika, hadi mkono ukaacha kuusikia unene ule.

Jina lake Porte, yaani Mlango.

Jumatatu, 14 Oktoba

Camille anatengeneza micro, kile kidude cha chini ya nyuzi kinachosikiliza na kupeleka sauti kwenye ampli. Sumaku amezitoa kwenye spika mbovu, na waya, mwembamba kama unywele, kwenye redio iliyokufa. Lazima auzungushe mara elfu saba kwa mkono huku akihesabu. Alikuwa amefika elfu nne na kitu mama wa unga alipoingia na kumwamkia. Akaitika, kwa kuwa amelelewa vizuri, na hesabu ikapotea.

Ameanza upya. Ameandika karatasi akaibandika mlangoni: MUSINISALIMIE. Mama wa unga ameisoma, ameniuliza huyu mtoto amezaliwa na nani, na amemsimamia kichwani kumfundisha adabu hadi hesabu ikapotea tena.

Jumanne, 15 Oktoba

Elfu saba. Alifanyia kanisani, ndani ya confessionnal, kile kibanda cha kuungamia, na pazia limefungwa.

Ijumaa, 18 Oktoba

Porte inaimba. Nimepiga peke yangu karakana nzima, mlango umefungwa, hadi vidole vikawaka. Zile nyimbo nilizojifunza nikiwa nyuma ya ukuta wa mazoezi yao, baada ya kufukuzwa, nikizitafuta jioni kwenye gitaa la kuazima, bado zipo zote. Sikuwa najua kwamba zipo. Nimefurahi kama mwehu na simwambii mtu.

Jumatano, 30 Oktoba

Kilo 7 na gramu 900.

Alhamisi, 31 Oktoba

Kilo 7 na gramu 900.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu wote mniombee: kilo 7 na gramu 900. Ubao umekauka. Kesho nakata.

Jumamosi, 16 Novemba

Wiki mbili sijaandika, nilikuwa nachonga. Tumbo la libuyu limetoka jekundu na jembamba kiunoni. Shingo nimeifuata ile ya zamani, unene kwa unene, urefu kwa urefu. Mfupa wa ng'ombe, ule unaokaa juu shingoni na mifereji sita ya kupitishia nyuzi, nimeuchonga kwa kufuata video ya fundi mmoja wa Ulaya. Yule mzungu ana mashine ya kila kitu, mimi nina tupa na macho.

Jumatatu, 18 Novemba

Tumefunga nyuzi. Tano zinaimba, wa nne unalia zzzz kama nzi ndani ya chupa.

Jumanne, 19 Novemba

Zzzz. Camille anasema ni mfupa, mimi nasema ni micro yake.

Jumatano, 20 Novemba

Zzzz. Nimesema ni courant, umeme unakuja dhaifu. Camille akazima ampli, akagusa uzi. Zzzz bila courant. Hatujasemezana tangu saa sita.

Ijumaa, 22 Novemba

Papa Cyprien alikuwa akipita njiani. Alimsikia yule nzi kutoka nje, akaingia, akainama akaangalia mfupa. Kisha akacheka. Sijawahi kumwona akicheka hivyo, hadi akatoa leso.

"Mama fundi, hii mufereji ya quatrième ulikatia nani?"

"Nilifata video."

"Video ya wapi?"

"Ya Ulaya, Papa."

"Ulaya banaweka quatrième munene. Hapa kwetu nani anapigaka na quatrième munene? Weye ulikomalia hapa, masikio yako yalikuwa wapi?"

Nilitamani sakafu inimeze. Ni kweli kabisa. Wapigaji wetu wote wanatoa uzi wa nne, ule mnene, wanaweka mahali pake uzi mwembamba kama wa kwanza, ndio mi-composé, ndiyo inayofanya gitaa la kwetu licheke juu namna ile. Uzi mwembamba ndio niliofunga, mkono wangu ulijua. Lakini mfereji niliukata mpana, wa uzi wa mzungu, na uzi mwembamba ukawa unacheza humo kama mtoto ndani ya kiatu cha baba. Nimekulia ndani ya sauti hii, halafu nikakata mfupa kwa kumfuata mtu asiyeijua.

Nilimwomba Camille msamaha kwa ajili ya micro, akaupokea kwa majivuno yasiyovumilika.

Jumamosi, 23 Novemba

Mfupa mpya, mfereji mwembamba. Nzi amekufa.

Alhamisi, 28 Novemba

Shida ya mi-composé: hakuna pakiti inayouzwa yenye nyuzi mbili za kwanza. Watu wananunua pakiti mbili na kutupa quatrième mbili. Droo ya Papa Cyprien, anasema Larissa, imejaa quatrième za maisha yake yote, anafungia kuku nazo. Camille amepata wazo, tutengeneze jeu ya nyuzi ya kwetu, sita tunazozichagua wenyewe, ndani ya bahasha moja. Gitaa liwe na jina lake na nyuzi zake.

Jumamosi, 7 Desemba

Sina hamu ya kuandika, lakini niliahidi kuandika nilishindwa wapi.

Gitaa liliisha jana. Larissa alimleta babu yake leo saa nne. Mama wa unga alifunga duka aje kuona. Papa Cyprien alilipokea kwa mkono wa kulia, akalipapasa tumbo, akanusa, akasema, "Sambaza," na sote tukacheka. Kisha akautoa mkono wa kushoto mfukoni.

Nilikuwa sijauona tangu mwaka jana. Viungo vimevimba, vidole vimekunjika na kukaa hivyo. Alivizungusha kwenye shingo ya gitaa polepole, kimoja kimoja, kama mtu anayeamsha watoto. Akabonyeza. Hakuna sauti. Akabonyeza tena, uso ukaingia jasho, sauti ikatoka imekufa nusu. Kidole cha mwisho hakikufika kabisa kule kilikotakiwa kufika. Akajaribu mara tatu, na mvua ikaanza juu ya mabati.

Akaliweka mezani vizuri sana. "Gitaa iko muzuri, mama fundi," akasema. "Iko muzuri kupita ile ya zamani. Ni vidole inakatala." Akarudisha mkono mfukoni, akatoka kwenye mvua bila kungoja mwavuli.

Larissa alibaki. "Tantine, tangu Pasaka hawezi kufunga vifungo ya shemizi. Ni miye namufungia. Alinikataza niseme kwa mutu."

Nimekaa na hayo mchana mzima. Miezi mitatu nimeandika humu kwamba ni kiburi, na ilikuwa aibu. Alinipa shingo ya mkono aliokuwa nao zamani kwa sababu aliuonea aibu huu alio nao leo. Na mimi fundi nikaipokea, nikachonga gitaa la mtu ambaye hayupo tena. Ningesisitiza kuuona mkono, ningeuona. Sikusisitiza kwa sababu nilikuwa bado namkasirikia kwa jambo la miaka ishirini na mitano. Ndipo niliposhindwa, na daftari lijue.

Jumapili, 8 Desemba

Hakuja misa.

Jumanne, 10 Desemba

Hapa niandike polepole, nisisahau hata neno.

Saa tisa nilikuwa napiga Porte karakanani, si kwa furaha, kwa kutuliza moyo tu. Sikusikia mlango. Nilipoinua kichwa Papa Cyprien alikuwa amesimama pale penye mabaki ya randa. Alikuja kuniomba radhi kwa kuondoka vile bila kuaga, na nadhani alisimama muda mrefu.

"Nani alikufundisha ile?" akauliza.

"Wewe, Papa. Nyuma ya ukuta."

Hakuelewa. Akanyoosha mkono. "Leta ile kitu nione." Nikampa Porte, nikiona haya kwa ajili ya lile tundu la ufunguo.

Akakaa kwenye benchi. Vidole vyake vikaizunguka ile shingo ya mguu wa kitanda na vikafika. Akabonyeza, ikaimba. Shingo fupi, nyuzi zinalegea kidogo, hazidai nguvu. Vyuma vimekaribiana, kidole hakihitaji kunyooka. Akapiga mstari mmoja, ule wa kumwingizia bibi arusi, polepole mara ya kwanza, mara ya pili haraka, na mara ya tatu akafumba macho. Mimi nilikuwa nimeshika randa kifuani kama mtoto mchanga, na machozi yananitoka, na sikuyafuta.

Alipoacha akaigeuzageuza. "Hii shingo ulipimia mukono ya nani?"

"Yangu."

"Onyesha."

Nikanyoosha mkono. Akaushika, akaugeuza, kiganja juu, kiganja chini, vilevile kama siku ile. Nikaona inavyomrudia, kidogo kidogo, usoni.

"Kadutu," akasema. "Ulivaa robe ya bleu."

"Ndiyo, Papa."

"Nilikufukuza."

"Ndiyo, Papa."

Mkono wangu bado uko ndani ya wake. "Nilifanya mubaya, mutoto yangu. Nilifanya mubaya sana, na batu balicheka, na niliacha bacheke. Unisamehe."

Nilikuwa nimetunza maneno ya kumjibu siku hii miaka ishirini na mitano, maneno makali, mazuri, yamepangwa. Sikuliona hata moja. Nikamwambia, "Tuko na siku kumi na munane, Papa. Acha nichukue vipimo ya mukono yako."

Akaunyoosha wa kushoto. Nimeupima kidole kwa kidole. Tofauti na wangu: mahali pote, haizidi milimita moja.

Ijumaa, 13 Desemba

Nimeng'oa shingo ya Porte, nimeifunga kwenye tumbo la libuyu. Kwa kuwa ni fupi, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa tumbo lazima kisogee mbele, na matundu ya zamani nimeyaziba kwa vijiti vya grevillea. Vinaonekana. Camille alitaka nivipake rangi. Papa Cyprien amesema viachwe.

Jumatatu, 16 Desemba

Shingo fupi imelegeza nyuzi nene mno, bass inapwaya. Tumejaribu waya wa breki ya pikipiki, eti wazee walikuwa wanafanya hivyo. Ulikatika ukamchapa Camille sikio. Papa Cyprien amesema ndiyo maana wazee waliacha.

Alhamisi, 19 Desemba

Tumepata. Chini nyuzi mbili nene zaidi kuliko za kawaida, juu nyembamba kabisa, na quatrième yetu, nyembamba kama ya kwanza. Amepiga saa nzima bila kuomba kupumzika. Mama wa unga amecheza katikati ya mabaki ya randa, na kitenge kimejaa.

Jumatatu, 23 Desemba

Leo ameniletea sahihi yake juu ya karatasi, niichome kwenye kichwa cha gitaa kwa chuma cha moto. *Cyprien*, mwandiko umetetemeka kidogo kwenye y. Nimeichoma na kutetemeka kwake.

Camille ameleta bahasha kumi za jeu ya nyuzi, akampa kalamu aandike jina lake na huko. Papa Cyprien aliandika bahasha zote kumi kwa taratibu, akazigeuza chini na kuondoka. Nilizigeuza alipokwisha kufika njiani. Zote zimeandikwa *Séraphine*, jina langu zima.

Nimefunga karakana mapema.

Jumapili, 29 Desemba

Jana Larissa aliolewa. Mvua ilikatika saa tatu, kwa heshima. Alipotokea mlangoni mwa kanisa babu yake alikuwa amekaa mbele karibu na chorale, libuyu mapajani, na akampigia kutoka mlangoni hadi altareni bila kukosea popote. Larissa alikuwa ameapa hatalia asiharibu maquillage ya usoni. Ilimshuka hadi shingoni.

Nilikaa nyuma. Harufu ya sambaza ilinifikia hata huko, au labda naizua.

Salle ya sherehe, jioni, watu wameshakula, wakataka kucheza. Papa Cyprien alipiga nyimbo mbili. Kabla ya ya tatu akaomba micro ya kusemea.

"Kuna mutoto mumoja," akasema, "alikuja kwangu kuomba nafasi, na nilimuambia arudi kwao juu mukono yake ni mudogo. Hii gitaa munasikia, ilipimiwa ku mukono ile. Bila ile mukono leo munacheza na téléphone. Eko hapa, nyuma kule, anajificha nyuma ya mama wa unga. Mama fundi, Porte iko wapi?"

Porte ilikuwa nyumbani, nilidhani. Kumbe Camille alikuwa ameileta ndani ya gunia la unga, na ile shingo ya kwanza ya libuyu, niliyoichonga nyembamba upya wiki hii, iko juu yake. Mama wa unga alinisukuma mgongoni kwa mikono miwili. Nilipopanda watu walicheka kwa ajili ya tundu la ufunguo, na nilicheka nao. Papa Cyprien akanipa sauti ya kwanza, nikaishika, akapanda juu, mimi nikabaki chini nikimbeba, na sebene ikaenda hadi maman wa bwana arusi akavua viatu.

Vidole vyangu leo vina malengelenge. Libuyu sijaupima. Uko kwa Papa Cyprien, na ametangaza kwamba hamwazimishi mtu.

Kesho saa kumi kuna répétition, mazoezi, Kadutu, nyumba ileile. Amesema nisichelewe.